Nafasi ya Watu Wanne

Barua ya kibali ina mihuri mitatu
na bado askari wa getini anaisoma mara ya pili,
kijana, ndevu hazijakubali,
pembeni yake bango: MARUFUKU KUPIGA PICHA.
Nimepita chini ya bango hili maisha yangu yote.
Nimekulia Ukonga, nyumba ya tatu toka ukutani,
kamera nikiificha ndani ya kikapu cha sokoni
hata nikienda harusini.

Leo nimeruhusiwa. Saa moja tu.
Mwezi ujao watu wa vyuma chakavu wanakuja na misumeno,
wataipima kwa kilo.

Ndiyo hii, basi, ndege ya mabomu:
matairi yamekaa chini kama wagonjwa kwenye foleni ya Amana,
rangi imebabuka, kijani kimekuwa mchicha uliolala,
kunguru wametaga ndani ya injini ya kushoto
na wananitukana kila nikisogea.
Jua la saa nne halina adabu,
linaumbua ribiti mojamoja.
Napunguza mwanga, napiga goti kwenye nyasi,
napiga pua, napiga bawa,
napiga tumbo lililokuwa likifunguka.

Hapo tumboni mkono ukasita.
Kilichotoka humu kiliangukia mahali,
na mahali pana watu,
na huko nako pengine alikuwepo mpiga picha
aliyeitwa kupiga ukuta uliobaki.
Sikujua nimwinamie nani. Nikabonyeza.

Ndani, nyuma ya kiti cha mwisho,
tochi ya simu ikaokota maandishi
yaliyokwaruzwa kwa ncha ya bisibisi:

*Tulipanda wanne juu, tukashuka ni watatu,*
*Kiti cha nyuma, mkuu, kimebaki bila mtu,*
*Hata kwa rangi nafuu, msipake damu yetu,*
*Ndege, ukirudi tena, sema ulimwacha nani.*

Nikayasoma kwa sauti, mlango uko wazi.
"Hizza huyo," Mzee Rwezahura akasema kutoka chini.
"Fundi wetu. Alikuwa haongei.
Kumbe."

Wamekuja wawili.
Rwezahura, rubani, kaunda suti aliyoipiga pasi mwenyewe;
Mlewa, wa mabomu, siku hizi anauza betri za magari Buguruni,
sikio moja limebaki hukohuko angani.
Hizza alichukuliwa na sukari, Muheza, mwaka wa mvua nyingi.
Na Luteni Chilongola, mwelekezi,
aliyeijua njia ya kurudi kuliko wote,
alirudi amelala.

Nikawapanga mbele ya bawa.
Miaka ishirini na sita ya studio Mtaa wa Swahili,
maarusi, vipaimara, pasipoti,
neno langu ni lile moja:
"Sogeleaneni, wazee, mmeacha pengo."
Hawakusogea.
"Sogeleaneni kidogo."
Mlewa akaweka kiganja sikioni, nikarudia kwa kelele,
kunguru wakaruka wote.
Rubani akanitazama kama mtu anayetafuta pa kutua.
"Binti, hapa anasimama Chilongola.
Pale Hizza. Alikuwa mnene, muongezee."

Nikarudi nyuma hatua moja, mbili, tano,
mpaka mgongo ukagusa seng'enge
na wote wakaingia.

Studio, kijana wangu wa kompyuta akauliza,
kidole tayari kwenye kipanya,
"Dada, hii sehemu tupu nikate?"
Nikamshika mkono.

Risiti niliandika mwenyewe:
picha moja, watu wanne,
nakala nne.

Jumamosi Mlewa akaja kuzichukua,
mikono ina harufu ya asidi, akaifuta kwenye suruali.
Akatazama kwa muda, kidole kikitembea
juu ya bawa, juu ya nyasi, juu ya hewa,
kikisimama mara nne.
"Tumetimia," akasema.